Matundu ya Ukuta wa Baba

Baba alifariki Jumatano, tarehe kumi na nne Mei, muda mfupi kabla ya saa sita mchana. Tulimzika Ijumaa nyumbani Matema, kati ya migomba na ukuta aliojenga mwenyewe kuzuia ziwa. Sikulia. Nalisema hili kwa sababu watu waliliona na wengine walilisema. Nilipika, niliosha vyombo, nilipokea ndugu zake waliotoka Talatala, niliitikia kila pole niliyopewa. Mchungaji aliponishika mkono nilimwambia ndaga, asante, kama mtu aliyepokea mzigo wa mwenzake.

Jumamosi tulikuwa tunatoa vitu chumbani kwake ili wageni wapate pa kulala. Nyuma ya mlango niliikuta nondo. Ni nondo nyembamba, ndefu kidogo kuliko mkono wangu, imekunjwa upande mmoja iwe mpini, na mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli. Ilikuwa inanuka kutu na tope. Nilikaa nayo kitandani nikaiweka magotini. Nimeishika nondo hiyo miaka mingi ya utoto wangu, na miaka yote hiyo niliamini najua kwa nini baba alinipa mimi.

Wenzangu wa umri wangu waliokulia ufukweni watakumbuka miaka ile ziwa lilipoanza kula viwanja. Halikuja kwa kishindo. Kila masika lilipanda, kila kiangazi lilishuka, lakini halikurudi pale lilipoanzia. Kwetu lilichukua kwanza mti wa mpera, kisha jiwe la kufulia, kisha mstari mmoja wa migomba. Watu walisimika magogo, wakapanda matete, wakapanga viroba vya mchanga. Viroba vilipasuka kwa jua, mchanga ukamwagika, ziwa likaja tena.

Sisi tulikuwa na sababu ya kuogopa kuliko majirani. Mdogo wangu Lusajo alikuwa amezikwa upande ule. Alikufa kwa homa kabla hajaanza kutembea, na mama alichagua azikwe karibu na ziwa kwa sababu mama ni Mkisi, mtu wa Ikombe, na kwao ziwa ndiyo ua wa nyumba. Juu ya kaburi baba aliweka msalaba mdogo wa saruji, alama ya kidole chake ikiwa imebaki pale alipoandika herufi ya kwanza ya jina. Mama alikuwa na tabia ya kutoka asubuhi kupima kwa nyayo zake kutoka msalabani hadi ukingoni. Kisigino mbele ya vidole, kisigino mbele ya vidole. Hakutuambia amepata ngapi. Tulijua kwa namna alivyowasha moto.

Siku moja alirudi kutoka kupima, akamwambia baba, "Baba Atu, mwakani mtoto ataondoka."

Baba alikuwa fundi mwashi. Alikuwa amejenga misingi ya nyumba nyingi kuanzia Matema hadi Ipinda, na jina lake lilikuwa zuri. Alisema, "Nitajenga ukuta wa mawe. Utashika."

Aliujenga kiangazi kizima, ziwa likiwa chini. Mawe tuliyatoa kwenye mto unaoshuka milimani, mengine yaliletwa kwa mtumbwi. Alichimba msingi kwenye mchanga mpaka akafika kwenye udongo mgumu, na alipofika alinyanyua mikono na kunionyesha kama mtu aliyekamata samaki. Mawe makubwa chini, madogo juu, ukuta wenyewe umelala kidogo kuelekea nyumbani. Kila baada ya hatua mbili alipitisha kipande cha mwanzi kutoka nyuma ya ukuta hadi mbele. Mianzi kumi na moja. Nyuma ya ukuta, kabla ya kurudishia udongo, alijaza kokoto na vigae vya vyungu.

Hivyo vigae vilitoka kwa mama. Mama alikuwa anafinyanga, kama mama zake wote. Udongo wake uliletwa kutoka Ikombe kwa mtumbwi, umefungwa kwenye majani ya migomba, na ulikuwa unanuka mvua. Aliuponda, akautoa vijiwe, akauchanganya na mchanga laini kwa mguu wa kulia, kisha akazunguka yeye kinyumenyume kukizunguka chungu badala ya chungu kumzunguka yeye. Vyungu vilivyopasuka motoni alivirundika pembeni. Rundo lote baba alilichukua. Mama alifurahi kuona kazi yake iliyoharibika inamlinda mtoto. Hakusema hivyo, lakini nilimwona anambebea baba vigae kwenye ungo, na alikuwa hambebei baba kitu chochote tangu Lusajo afe.

Naomba msomaji anisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo penye kosa langu.

Mimi nilikuwa darasa la pili, na nilikuwa mtoto wa mfinyanzi. Kazi yangu nyumbani ilikuwa kujaribu vyungu. Chungu kikishatoka motoni na kupoa, nilikijaza maji, nikakaa nakitazama. Kikitoa jasho, nilimwita mama. Kikivuja kabisa, kilikwenda kwenye rundo. Ndiyo sheria niliyoijua kuliko zote, kuliko hata za shule na za kanisani: kitu kinachovuja kimeharibika. Na nilijua pia kwamba wakubwa hawasemi ukweli kuhusu kitu kinachovuja. Niliwahi kumsikia mama akimwambia mnunuzi kuhusu chungu kilichotoa jasho, "Kitaacha chenyewe, dada, ndivyo kilivyo kikiwa kipya," na baadaye akanikonyeza.

Mvua za kwanza ziliponyesha, ukuta wa baba ulivuja. Maji yalitoka kwenye mianzi yote kumi na moja, mwanzo ya tope, kisha meupe. Watoto wa jirani walikuja kutazama. "Atu, ukuta wenu unakojoa," walisema. Kuanzia hapo wakawa wananiuliza njiani kwenda shule kama ukuta umeamka vizuri, kama umetandikiwa nailoni. Watu wazima nao walikuwa na yao. Mzee mmoja wa kanisani alisimama ukingoni akamwambia baba, "Fundi, hii simenti ulikoroga na uji?"

Baba alicheka. Alisema ukuta wa namna hii lazima uteme maji, ndivyo ulivyo.

Nilimtazama usoni wakati anasema. Nikaona sura ileile ya mama akiuza chungu kibovu. Nikajua baba ameharibu kazi, anajua, na anaona aibu. Na nikawaza jambo la pili, ambalo sikumwambia mtu. Kama maji yanatoka kwenye matundu, basi yanaingia pia. Lusajo alikuwa hatua nne tu nyuma ya ukuta. Nilimwona kichwani mwangu amelala kwenye maji baridi yanayoingia na kutoka, na nguo yake ya ubatizo imelowa.

Baba alikwenda Talatala kumsaidia kaka yake kupanda mpunga, akakaa huko zaidi ya wiki mbili. Jumamosi moja mama alikwenda sokoni na vyungu na akamchukua kaka yangu Amba ambebee. Nilibaki peke yangu. Nilichota udongo wa mama ambao alikuwa ameshautoa vijiwe, nikaubeba kwenye sufuria, nikaingia ziwani mpaka magotini. Ziwa lilikuwa limetulia. Niliziba matundu moja baada ya jingine. Nilisukuma udongo ndani kwa mpini wa mwiko mpaka ukagoma, nikaongeza, nikaushindilia kwa dole gumba, kisha nikasawazisha juu kwa gunzi la hindi kama mama anavyosawazisha mdomo wa chungu. Kazi ilinichukua mchana wote. Nakumbuka nilifanya kwa uangalifu kuliko kitu chochote nilichofanya shuleni. La mwisho nililipulizia ili likauke.

Jioni mama aliporudi aliuliza kwa nini udongo umepungua. Nilimwambia mbuzi wameukanyaga. Alikubali.

Ukuta ulikaa mkavu. Watoto wa jirani walikosa la kusema, na mimi nilitembea njiani kama mtu mwenye siri nzuri. Halafu mvua ikanyesha siku nne mfululizo, ile mvua ya kwetu inayoshuka mlimani ikiwa na udongo mwekundu. Maji yalikusanyika nyuma ya nyumba na hayakuwa na pa kwenda. Chini ya migomba palikuwa panabonyea ukikanyaga. Siku ya tano mvua ilikatika, jua likatoka, ziwa likawa kimya kama maji ya beseni. Tulikuwa tunakunywa uji. Mama alinyanyua kichwa akasema ukuta umetoa tumbo. Tulitazama, na kweli katikati ulikuwa umevimba kuelekea ziwani. Haukuchukua muda. Haukupiga kelele kubwa pia. Ulianguka kwa kwenda mbele, polepole, na udongo ukaufuata, migomba mitatu ikaufuata ikiwa imesimama, na msalaba wa Lusajo ukaufuata.

Mama aliingia ziwani na nguo zake. Majirani walikuja, wakaingia pia. Walipata msalaba. Kingine hawakupata, na maji yalikuwa mekundu kwa siku mbili.

Baba aliitwa kutoka Talatala. Alifika adhuhuri, tope la mpunga bado liko miguuni. Hakuingia ndani. Alishuka kwenye mawe yaliyoanguka akatembea juu yake taratibu, akiinama, akitazama. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye migomba iliyobaki. Nilimwona anaokota kipande cha mwanzi. Alikitazama upande mmoja, akakigeuza. Alichokonoa ndani kwa kidole, akanusa kidole. Kisha akakigonga juu ya jiwe mpaka udongo ukatoka kipande kizima, mrefu kama muhogo, akautupa ziwani, akanawa mikono.

Watu walikuwa wamejaa uani. Mzee yule wa kanisani aliuliza, kwa upole safari hii, imekuwaje. Baba alisema, "Nimekosea mimi. Sikuweka vigae vya kutosha."

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, amelowa, msalaba uko mapajani. Alisema, "Ulisema utashika." Basi. Sikuwahi kumsikia akilitaja tena jambo hilo.

Kwa miaka mingi baada ya hapo hakuna aliyempa baba kazi ya msingi. Alilima mpunga kwenye shamba la kaka yake, akapanda kakao kidogo. Mtu akijenga Matema alimleta fundi kutoka Kyela mjini, na fundi huyo alipita mbele ya nyumba yetu na ngazi begani, akisalimia. Baba aliitikia. Wakati mwingine alimwazima timazi yake ya kupimia kama ukuta umenyooka.

Ukuta aliujenga tena kiangazi kilichofuata, peke yake, mawe yaleyale. Mianzi kumi na moja. Ulipokamilika aliniita. Alikuwa ameitengeneza nondo hii, ameizungushia mpira. Alinishika mkono akaiingiza nondo kwenye tundu la kwanza mpaka mwisho, akaivuta. Alisema, "Atu, mama, kazi hii ni yako. Kila Jumamosi wakati wa mvua, yote kumi na moja. Kinachoangusha ukuta ni maji ya nyuma, siyo ya mbele." Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Usimwachie mtu mwingine."

Hakuniuliza. Sikumwambia. Lakini nililia siku ile, na ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kulia mbele yake, kwa sababu nilidhani nimeelewa. Ameujua udongo, ameona alama za vidole vidogo, na badala ya fimbo amenipa nondo. Nilifanya kazi ile mpaka nilipoolewa. Sikukosa Jumamosi moja, hata nikiwa na malaria. Watoto wangu niliwalea hivyohivyo, mtoto akikosea simpigi, nampa kazi. Watu husema nina subira. Niliamini nimeirithi kwa baba, na kwamba kati yangu na yeye kulikuwa na jambo ambalo halikuhitaji maneno.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayawaza kitandani, nondo ikiwa magotini.

Jumatatu, wageni wengi wakiwa wameondoka, Amba alimleta fundi. Ukuta wa baba umesimama, lakini mwishoni mwa upande wa kusini umepata ufa unaoingia kidole, na sasa baba mwenyewe amelala nyuma yake. Amba alisema lazima uimarishwe kabla ziwa halijapanda zaidi. Fundi ni kijana, ana heshima, alimwamkia mama, akashuka kuutazama. Alirudi akasema ufa ataukata na kuujaza, mguuni atapanga mawe makubwa kwenye nyavu za waya ili wimbi livunjikie huko. Tulikubali. Kisha akasema, "Na yale matundu nitayaziba, bibi. Yanatoa mchanga. Nyuma ya ukuta panakuwa pango."

Amba alisema sawa, zibeni.

Mimi nilikuwa nachambua mboga. Nilisema, "Hapana. Mimi niliwahi kuyaziba."

Sikupanga kusema. Ilitoka kama mtu anavyotaja bei ya chumvi. Amba aliuliza lini. Nikamwambia. Nilieleza yote, jinsi watoto walivyosema, sufuria, mwiko, gunzi, uongo wa mbuzi. Fundi alitazama viatu vyake. Nilipomaliza, Amba alisimama akaenda kusimama kwenye migomba na mgongo umetugeukia. Ndiye aliyebeba vyungu siku ile.

Mama alikuwa kwenye kigoda. Ana miaka mingi sasa, mikono yake imekunjamana na haifinyangi tena. Aliniuliza, "Uliuchanganya na mchanga?"

Nilimwambia hapana, niliuchukua kabla hajauchanganya.

"Basi haungepitisha maji," alisema. "Baba yako aliniuliza. Usiku ule ule wa siku aliyofika. Aliniuliza kama nimepaka udongo wangu kwenye ukuta wake. Nikamwambia hapana. Hakuuliza tena."

Nikamuuliza kama baba alimwamini.

"Watu walikuwa wanamcheka kwa ajili ya yale maji, na mimi nilikuwa nimeshamwambia ananiaibisha. Udongo ni wangu. Ungekuwa yeye, ungeniamini?" Alinyoosha khanga magotini. "Aliwaambia watu amekosea yeye. Nilidhani ananifichia kosa. Nilikasirika, mtu anakufichiaje kosa ambalo hukulifanya. Halafu akakupa wewe ile nondo." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema. "Alikupa wewe ili nisiishike mimi."

Nilikumbuka baba aliposema kwa sauti ya chini usimwachie mtu mwingine, na nyumba yetu ilikuwa na watu wanne. Nilikumbuka Jumamosi zote ambazo mama alisimama mlangoni akinitazama nikishuka na nondo, na mimi nikadhani ananiona mtoto mwema. Nilisema, "Nisamehe, mama." Alimwambia fundi matundu yaachwe wazi, atafute namna ya kuzuia mchanga kwa kokoto upande wa nyuma, kama alivyofanya mwenye nyumba. Fundi alisema sawa, bibi, akaaga.

Kisha mama akaniambia nilete nondo.

Nilimletea. Alisimama kwa kunishika bega, tukashuka ngazi za mawe pembeni ya ukuta, polepole, mpaka mchangani. Maji yalikuwa yanafika kwenye vifundo vya miguu. Alitafuta tundu la kwanza kwa kidole, akaingiza nondo, akasukuma. Iligoma. Alisukuma tena kwa uzito wa mwili wake. Tope jeusi lilitoka, kisha mizizi myembamba ya mgomba, kisha maji. Akaenda la pili. Nilimshika kiuno asiteleze. Tulipofika tundu la saba alisema amechoka, akanipa nondo, tukarudi ndani.